Napenda makaburi ya kale tangu utoto, niwapelekeje wanangu bila kuwatisha wala kugombana na mume?

BintiMwashi:

Habari za jioni wadau, naombeni mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, naishi Dar, nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 12 na wa kike ana 7. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi. Tulipohamia Tanga mjini nikiwa mdogo alikuwa ananipakia kwenye baiskeli Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda Tongoni, barabara ya Pangani, kama kilomita 17 hivi, enzi hizo ni vumbi mwanzo mwisho. Wengi mnapita pale hamjui kuna nini. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi kama 40 ya zamani sana, mengi yalijengewa nguzo za mawe juu yake, na nguzo nyingi zimeshaanguka zimelala kwenye majani. Baba hakuwa Mwislamu wala hakusoma sana, yeye alikuwa anaangalia kazi. Ananionyesha matumbawe yalivyochongwa, kona zilivyokaa sawa, halafu ananibeba, anashika kidole changu anakitia kwenye kishimo cha duara kwenye nguzo, ananiambia hapa palikuwa na bakuli la Kichina, wamelibandua, lakini papasa uone, mwenzangu aliizungushia chokaa taratibu mpaka ukingo wa bakuli umebaki hapa. Alikuwa anamwita hivyo, mwenzangu, fundi aliyekufa mamia ya miaka iliyopita.

Baba amefariki 2009, na mimi nimebaki na ugonjwa wake. Nikifika mji wowote kitu cha kwanza nauliza makaburi ya zamani yako wapi. Sio kwamba napenda vifo jamani, hapana. Pale napata utulivu nisioupata kokote, nasoma jina, nasoma mwaka, nakaa nawaza huyu mtu aliamkaje siku zake, alipenda nini, nani alimlilia. Nataka wanangu nao waonje hicho kitu wakiwa bado wadogo kama baba alivyonionjesha mimi.

Sasa mwezi uliopita nikawapeleka Kunduchi, yale magofu ya karibu na bahari yenye mibuyu, makaburi ya pale mengi ni ya karne ya 18 na yapo yaliyopachikwa sahani za kaure. Nikaanza kuwaeleza, hii ni hivi, ile ni vile, nusu saa nzima naongea. Wa kike alikuwa ananisikiliza, wa kiume akachoka, nageuka namkuta amekaa juu ya kaburi anajipiga selfi. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akamwona akamkemea kwa ukali sana na mimi akanikemea, na ana haki yake kabisa, lakini mtoto alitetemeka. Usiku wa kike naye akaamka analia anasema kuna mtu amesimama mlangoni. Mama mkwe akasikia, akapiga simu kutoka Marangu, mtoto hapelekwi makaburini bila msiba, mnatafuta nini huko? Mume wangu si mtu wa maneno mengi lakini safari hii kasema basi, inatosha, kwao kaburi linaendewa kwa sababu maalumu na sio kwa matembezi.

Naumia kwa kweli. Wenye uzoefu naombeni, mtoto aanze na umri gani, nilikosea wapi, na huyu mume nimwelezeje aelewe kwamba hapa namgawia kitu ninachokipenda sana? Na kama kuna sehemu za kuanzia zisizo mbali na Dar niambieni.

Babu_wa_Bagamoyo:

Mwanangu BintiMwashi, pole. Nimetembeza wageni hapa Bagamoyo zaidi ya miaka ishirini, wa skuli, wa vyuo, wazungu, na watoto wengi tu, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Ulikosea sehemu mbili tu na zote zinarekebishika. Ya kwanza hukuwapa adabu ya mahali kabla hamjaingia. Mtoto hajui kama lile tuta la mawe analoliona ni mlango wa mtu. Mimi watoto nawasimamisha nje kwanza, nawaambia huku ndani kuna watu wamelala, kwa hiyo tunapiga hodi, tunatoa salamu, hatupandi, hatukai juu, hatuchukui kitu hata kijiwe, na ukitaka kupita pita miguuni kwao. Nikishasema hivyo wanaingia wamenyooka wenyewe, sijawahi kumkemea mtoto aliyepewa hodi.

Ya pili ni hotuba. Baba yako hakukuhutubia, alikutia kidole kwenye kishimo ukakumbuka mpaka leo una watoto. Fanya vilevile. Mkija Kaole, ni kama kilomita 5 kusini ya mji, unalipia kiingilio getini halafu usiseme kitu. Acha waulize. Lazima watauliza bahari iko wapi, maana wanaambiwa hapa palikuwa na bandari lakini wanachoona ni mikoko. Hapo ndipo unawapa kidogo, kwamba mikoko ilisogea ikaziba bandari, watu wakahamia Bagamoyo, na huku wakabaki wafu na misikiti miwili, ule mkongwe unasemwa ni wa karne ya 13. Wachimbaji walipokuja kufukua mwaka 1958 sehemu kubwa ilikuwa imefunikwa na pori. Kuna nguzo pale ya kaburi ndefu kuliko nyumba ya kawaida, mwambie wa kiume akadirie urefu wake kwa kivuli kama wanavyofundishwa hesabu shuleni. Kuna kisima cha maji baridi matamu hatua chache tu kutoka chumvi ya bahari, waache wanawe mikono.

Halafu ukitoka hapo usirudi Dar, pita Misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 na wana makaburi yao pale, yamepangwa safu, misalaba inafanana, na hapo nataka nikusimulie kitu. Kuna mwaka nilikuwa na kijana wa darasa la sita, mtundu, hatulii, mwalimu wake ameshamchoka. Nikampa kalamu na karatasi nikamwambia nenda kwenye kila msalaba toa mwaka wa kufa ukitoa wa kuzaliwa, niletee jibu. Akaondoka anakimbia. Baada ya dakika kumi naona anatembea taratibu. Baada ya dakika ishirini amekuja amesimama mbele yangu na karatasi yake, ananiuliza, babu, mbona wengi walikuwa wadogo kuliko kaka yangu? Nikamwambia malaria, na kwamba walijua wakati wanapanda meli kwamba wenzao waliotangulia walikufa na bado walipanda. Hakuniuliza tena kitu mpaka tunaondoka, lakini alikwenda akaokota maua ya yale yaliyoanguka chini akaweka kwenye mmoja wao. Sikumwambia afanye.

Umri sio tatizo, wa 7 anaweza. Ila kaa saa moja na nusu usizidishe, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, beba maji na kofia, na ukiona mtoto kachoka ondokeni hata kama wewe bado una hamu. Kuhusu ndoto ya binti usiitilie hofu, alitishwa na ukali wa mtu aliye hai, wafu hawakumfanya kitu. Mrudishe siku nyingine mahali penye utulivu, ile picha ya kwanza itafutika.

AbuSalma:

Naongezea kidogo kwenye aliyosema mzee wetu. Sisi Waislamu kuzuru makaburi ni jambo lililoruhusiwa na lina faida, Mtume (SAW) mwanzo alilikataza kisha akaliruhusu kwa sababu linakumbusha akhera. Na kukaa juu ya kaburi kumekatazwa kwa ukali sana, kwa hiyo yule mzee wa Kunduchi alikuwa na sababu, ingawa angeweza kumwambia mtoto kwa upole akaelewa vizuri zaidi.

Dada yangu ni Mkristo na amesema wazi anaheshimu, Mungu ambariki. Nikuombe jambo moja tu, mkifika Kaole mtakuta kaburi la Sharifa, watu wanakwenda kumwomba haja zao na kuacha vitu. Watoto watauliza. Mimi wanangu niliwaambia tunawaombea waliolala hapa, hatuwaombi wao, na wakaelewa. Wewe utawaeleza kwa imani yako lakini usiwapitishe pale kama wanaangalia kichekesho, wale wanaokuja pale wana shida za kweli, kuna mama hajapata mtoto, kuna mtu mgonjwa wake haponi.

Na salamu ya makaburini ni nzuri hata kwa mtoto wa miaka mitano. Sisi tunawaambia wenyeji wa pale amani iwe juu yenu, nasi Mungu akipenda tutaungana nanyi. Binti yangu anaisema kwa sauti kila tukipita makaburi ya mtaani kwetu, hata tukiwa kwenye daladala.

MwanaKilifi:

Dadangu salamu kutoka Kilifi. Mie hata sikujua kuna mwengine anapenda haya mambo, nimefurahi mpaka nimesoma mara mbili.

Huyo kijana wako wa simu usimnyang'anye simu, mpe kazi nayo. Wangu ana 14 na ilikuwa ni vita kumtoa nyumbani, sasa yeye ndiye mpiga picha wetu wa maandishi. Jiwe ambalo herufi zimelika unaliona kama halina kitu, lakini ukiwasha tochi ya simu ukailaza pembeni kabisa karibu na jiwe, sio kulimulika usoni, vivuli vinaingia kwenye herufi na zinasimama. Mara ya kwanza alipofanya hivo akapiga ukelele, maa njoo! Asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini lafanya kazi hiyo hiyo bila tochi. Ila msisugue, msipake chaki wala maji ya sabuni, chokaa ya zamani yatoka kama unga.

Mkija huku Kenya mwende Gede, si mbali na Malindi, ndani ya msitu, tumbili watawapokea mlangoni. Kuna kaburi pale lina mwaka umechorwa kwenye chokaa, 802 ya Hijria. Mie nikawaambia watoto wangu hesabu ni hii, chukua mwaka wa Hijria zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Wakapiga kwenye simu ikatoka 1399 na ushei. Yule mdogo akaniuliza, kabla Vasco da Gama? Nikamwambia karibu miaka mia kabla, huyu alikuwa ashazikwa kitambo Vasco alipotia nanga Malindi 1498. Mwanangu yule shuleni alikuwa amefundishwa kana kwamba historia yetu yaanza na zile meli, na hapo kaburi moja lenye tarakimu tatu likamfundisha vingine. Hadi leo kila akiona tarehe ya Kiislamu yataka kupigiwa hesabu. Na Gede yenyewe 2024 imeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa hiyo patunzwa vizuri, hakuna mtu atakayewafokea mkifuata taratibu.

Kuna kaburi moja lengine ambalo mie hulipenda kuliko yote na si la kifalme wala la nguzo. Liko Nyali, Mombasa, la mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa 1882. Bi Rosina alifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huo huo akajifungua mtoto wa kike, siku chache baadae akafa, na mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa wakati huo. Mie nlijifungua mtoto wangu wa pili katika hali mbaya sana, na nikifika pale nakaa tu. Binti yangu ashajua, hunishika mkono hasemi kitu. Siwezi kukueleza vile hiyo dakika ilivo kwangu.

BintiMwashi:

MwanaKilifi umeniliza. Asanteni sana, Babu shikamoo na asante, hiyo ya hodi nimeiandika kwenye daftari. AbuSalma nimekuelewa kaka yangu, nitazingatia. Bado kwa mume sijapata dawa, leo nimemsomea kidogo alichoandika Babu, kasikiliza, kasema "sawa", halafu kaendelea kula.

Mmeku_wa_Kihamba:

Shemeji mimi ni Mchaga wa huko huko kwa mumeo, ngoja nikusaidie kumwelewa.

Sisi makaburi yako kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, unatoka jikoni unapita migomba unamkuta babu. Hatuna neno la kwenda kutembea makaburini kwa sababu tunaishi nayo. Mtoto wa kwetu anacheza pale kila siku na hakatazwi, lakini kwenda kwa makusudi, kusimama, kutaja majina, hiyo inafanyika kuna jambo, kuna msiba, kuna ndoa, kuna mtu ameota, kuna ugomvi wa ukoo unataka kumalizwa. Kwa hiyo mumeo akisikia umechukua watoto mmekwenda kwa wafu wa watu msiowajua, bila sababu, mwili wake unakataa kabla akili haijafika. Na mama yake ndio kabisa.

Sasa wewe umeanzia kwako, kwenye Tongoni ya baba yako, ni sawa maana ndiko ulikopendea. Lakini yeye hujamuuliza kwake. Desemba si mnapanda Marangu? Msipoteze muda wote kwenye nyama na mbege. Asubuhi moja mwambie nionyeshe waliolala hapa mmoja mmoja, nataka watoto wawajue. Usilete daftari, usipige picha siku ya kwanza. Utaona masale, ile mimea ya majani marefu, yamepandwa pale, muulize yana maana gani na umwache aongee. Mimi mke wangu, Mhaya, aliniuliza hivyo mwaka wetu wa tatu wa ndoa na nikagundua najua majina manne tu, la tano ilibidi niite shangazi. Niliona aibu kubwa, na tangu hapo mimi ndiye ninayeshinda nauliza.

Bint_Malindi_Unguja:

Salaam nyote. Mimi ni Mzanzibari nakaa Hamburg, na watoto wangu wamezaliwa huku, Kiswahili chao cha kuokota okota.

Hapa kuna makaburi yanaitwa Ohlsdorf, makubwa kiasi mabasi ya abiria yanapita ndani yake na yana vituo, yalifunguliwa 1877. Watu wa huku wanakwenda kule kama bustani, wanatembea, wanakaa na mabibi zao kwenye mabenchi. Mimi mwanzo niliona ajabu. Halafu nikajua kwamba humo ndani amezikwa Bibi Salme, mtoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, bibi huyo alizaliwa Mtoni 1844, akatoroka Unguja 1866 kwa ajili ya mapenzi na Mjerumani, akabatizwa akaitwa Emily Ruete. Mumewe alikufa 1870 amegongwa na tramu, akabaki na watoto watatu wadogo kwenye baridi hii na lugha si yake. Alikufa 1924.

Nilimpeleka mwanangu mkubwa akiwa na miaka minane, siku hiyo alirudi skuli amekasirika wamemuuliza kwa nini mama yake anaongea hivyo. Tukapanda basi tukaenda. Jiwe lake limelala chini, maneno ya Kijerumani yanasema kwamba mtu aipendaye nchi yake kama wewe ni mwaminifu mpaka ndani kabisa ya roho. Nikamsimulia kwamba kwenye vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alioondoka nao na akazikwa nao. Mwanangu akaniuliza, mama wewe una mchanga? Sikuwa nao. Tuliporudi Unguja mwaka uliofuata yeye ndiye aliyejaza kichupa, mchanga wa Forodhani, na kiko dirishani kwetu jikoni.

Nasema haya BintiMwashi kwa sababu umeuliza umwelezeje mumeo. Mimi nadhani mtu huelewa akikutana na maiti mmoja anayemhusu, mmoja tu, wa kwake. Kwa mwanangu alikuwa huyo bibi ambaye hana undugu nasi wowote. Na mkija Unguja muulize boti ya kwenda Chapwani, sisi tunakiita Kisiwa cha Wafu, kuna makaburi ya mabaharia Waingereza, wamo wa meli ya Pegasus iliyozamishwa na Wajerumani pale pale bandarini Septemba 1914. Popo wengi juu ya miti na bahari pande zote, watoto watapenda.

Gerezani_Kota:

Aliyeuliza sehemu ya karibu na Dar, mbona unayo hapo hapo mjini, makaburi ya vita, barabara ya zamani ya Bagamoyo. Majani yamekatwa, kila jiwe limenyooka, na unaingia bila usumbufu. Watu wanadhani yamekuwa hapo siku zote kumbe yalihamishwa 1968 kutoka Ocean Road kupisha barabara mpya.

Ila ujiandae na swali, maana mimi lilinikuta. Nilikwenda na wanangu wawili na mpwa wangu, tunasoma majina, Waingereza, Wahindi, Waafrika Kusini, na mpwa wangu ana miaka tisa akauliza, anko sisi tuko wapi? Nilikaa kimya. Kwa sababu vita ile ya 1914 mpaka 1918 huku kwetu ilibebwa na wapagazi, watu walikamatwa vijijini wabebe risasi na unga, wakafa njiani kwa njaa na kuhara, na wengi hawana jiwe. Sio maneno ya mtaani hayo, 2021 tume yenyewe ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Nikawapakia kwenye gari tukaenda mpaka Sanamu ya Askari pale Samora, ya 1927, kwenye kibao wameandika kwa Kiswahili kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya majeshi. Nikawaambia someni kwa sauti. Halafu nikawaambia mnajua Kariakoo maana yake nini, ndio hao, Carrier Corps, walipiga kambi pale, jina likabaki mdomoni kwa watu. Tunaishi Gerezani, tunakwenda Kariakoo kila siku kununua nyanya. Mpwa wangu akasema kwa hiyo Kariakoo yote ni kaburi lao. Sikumsahihisha, mpaka leo sijaona cha kusahihisha hapo.

BintiMwashi:

Wadau nimerudi na mrejesho, samahani imepita miezi miwili. Tulipanda Marangu kwa Krismasi.

Mmeku nilifanya ulivyosema neno kwa neno. Siku ya tatu asubuhi nikamwambia mume wangu nionyeshe waliolala hapa. Akaniangalia kidogo, akaenda kuchukua panga na jembe, akamwita wa kiume, wakaanza kusafisha magugu, mimi na wa kike tunakusanya. Akaanza kutaja. Huyu baba, huyu babu, huyu mdogo wake babu aliyekwenda kufanya kazi Mombasa akarudi na redio ya kwanza hapa kijijini. Ameongea siku hiyo kuliko miaka yetu yote kumi na minne ya ndoa. Kuhusu masale akatueleza kwamba ukimkosea mtu sana unampelekea sale na hawezi kukukataa, ndio maana wanawapandia na waliolala, ili mtu asibaki na deni. Wa kike akauliza kama anaweza kumpelekea yule mzee wa Kunduchi.

Halafu kaburi la mwisho karibu na mfereji, la saruji tupu, halina kigae. Jina liliandikwa kwa kidole au kijiti saruji ikiwa mbichi, herufi moja imegeuzwa kinyume, na moshi wa miaka na kuvu vimeziba mwaka. Wa kiume hakuuliza mtu, akatoa simu akawasha tochi akailaza pembeni kama MwanaKilifi alivyosema. Akasoma 1963. Akamkimbilia bibi yake jikoni, bibi, babu wa babu alikufa 1963. Mama mkwe akasema hapana, alikufa mwaka wa uhuru, yeye alikuwa binti hapo ng'ambo ya mto na alisikia baragumu. Mtoto anasema bibi imeandikwa, bibi anasema mimi nilikuwepo.

Akatoka mwenyewe na fimbo yake mpaka pale. Akainama akaangalia lile jina muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ile herufi iliyogeuka. Ndipo akakumbuka kwamba walimzika na udongo mtupu, saruji ilikuja baadae mwanawe alipouza kahawa akapata hela, na mwashi aliweka mwaka aliomwaga yeye. Akatusimulia mpaka ndizi zikaungua. Wa kiume aliandika kurasa sita. Sasa bibi anapiga simu Jumapili hataki kuongea na sisi, anataka mjukuu wake, amekumbuka kingine.

Pasaka tunashuka Tanga, mume ndiye aliyeanza kulisema, anataka kuiona hiyo chokaa ya mkwewe. Babu wa Bagamoyo shikamoo tena, wa kiume ananiuliza kama pale Tongoni anaruhusiwa kutia kidole kwenye kile kishimo cha bakuli kama nilivyotiwa mimi, au siku hizi ni makosa kugusa, nikamwambia sijibu mpaka nikuulize wewe.